UZI: Mara ya kwanza Kilimanjaro, njia ya Marangu, mvua za Desemba. Nipitieni begi na ratiba

#1 Mgeni_wa_Mlima

Wakuu salaam. Kundi letu la kazini, watu 9, tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku 6. Tunaingia getini tarehe 5 Desemba, tunataka kuwa kileleni alfajiri ya tarehe 9, sikukuu ya Uhuru, na kutoka tarehe 10. Naishi Dar, kilima cha maana sijawahi kupanda. Tunaambiwa vuli inaweza kuwa bado inanyesha.

Begi langu mpaka sasa: jinzi mbili, traksuti, hudi mbili, sweta la sufu la mzee, koti la mvua la bodaboda, poncho, mwavuli, raba mpya, buti za mitumba nilizonunua juzi, soksi jozi 8 za kawaida, na begi la mgongoni lenye kava yake ya mvua. Sliping begi na jaketi zito nitakodi Moshi.

Kipi kibaki, kipi kitoke? Na mvua ikishika, ni nini hasa kinachowashinda watu? Semeni bila huruma.

#2 Kiroba_na_Kamba

Karibu mkuu. Nianze na swali la mwisho.

Baridi peke yake haimshindi mtu aliyevaa vizuri, na mvua peke yake haimshindi mtu mwenye joto mwilini. Kinachomrudisha mgeni ni nguo zilizolowa siku ya kwanza na ya pili, ambazo hazikauki tena. Wingu likikaa, Horombo (kambi ya usiku wa pili na wa tatu) hakuna jua la kuanikia, na vibanda vya kulala havina moto. Basi usiku wa kileleni unafika na mtu hana kitu kikavu cha kuvaa. Hesabu yote ya begi lako iwe hii: nini kitalowa kila siku, na nini hakitaguswa na tone la maji mpaka saa tano usiku wa tarehe 8.

Nguo za njiani ziwe seti moja tu. Fulana ya polista ya mikono mirefu, suruali nyepesi ya nailoni, sweta jembamba la flisi, na juu yake koti na suruali ya mvua. Seti hii italowa, na asubuhi utaivaa hivyohivyo ikiwa mbichi. Hapo ndipo wageni wanapokosea. Mtu anaamka Mandara, kambi ya kwanza, anagusa fulana yenye unyevu, anaona kinyaa, anachukua kavu. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu kavu zimeisha. Fulana mbichi ya polista inakera dakika 15 za mwanzo, kisha joto la mwili linaikausha ukiwa unatembea.

Nguo za kulalia: fulana moja, suruali moja ya kubana, soksi nene jozi moja, mzula. Hizi hazitoki nje ya kibanda hata kwenda chooni wakati wa mvua, isipokuwa umevaa koti la mvua juu.

Nguo za kileleni zifungwe Dar, zifunguliwe Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Jinzi zote mbili zitoke. Hudi zitoke. Pamba inanyonya maji, inakuwa nzito na inakunyonya joto. Sweta la mzee libaki! Sufu ikilowa bado inahifadhi joto kiasi, na ni bora kuliko hudi ya bei mbaya.

#3 Gilmans_Saa12

Naongeza picha ya njia, maana ratiba inaamua mavazi.

Geti la Marangu liko kama mita 1,870. Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, Gilman's (ukingoni mwa kreta) 5,685, Uhuru, kilele chenyewe, 5,895. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 70. Siku ya kwanza kama kilomita 8, saa 3 hadi 4, yote msituni. Hapo ndipo mvua halisi ilipo, na mizizi inateleza. Siku ya pili kilomita 11 hadi 12. Unatoka msituni mapema, unaingia vichakani na upepo unaanza. Siku ya tatu mnakaa Horombo: mnapanda mpaka Zebra Rocks, karibu mita 4,000, mnarudi kulala palepale. Siku ya nne kilomita 9 hadi 10, mnapita mahali pa mwisho pa kuchota maji, kisha uwanda wa Saddle kati ya Mawenzi na Kibo. Ule uwanda hauna mti wala mwamba wa kujikinga. Mvua ya msituni pale inakuwa mvua ya barafu inayokuja ubavuni.

Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kwa takriban digrii 6. Halafu kuna upepo: digrii -10 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama -21.

Tokeni kibandani saa 1:30 hadi saa 2 asubuhi. Mawingu mara nyingi hujijenga kuanzia adhuhuri, na kundi linaloondoka saa 4 kwa sababu mtu anatafuta chaja ndilo linalooga.

#4 Lava_Tower

Mimi nina ubishi kidogo na uchaguzi wa njia. Kwa kuzoea hewa nyembamba, njia ya Machame ya siku 7 ni nzuri zaidi: unapita Lava Tower mita 4,600 mchana, unashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Marangu haina mteremko wa aina hiyo, ndiyo maana wengi wanaoichukua kwa siku 5 wanaishia Kibo wakitapika.

#5 Kiroba_na_Kamba

@Lava_Tower kwa kiangazi nakubaliana nawe moja kwa moja. Kwa mvua hapana. Machame ni mahema kila usiku. Hema likilowa linakunjwa likiwa limelowa, linaongeza uzito kwenye kichwa cha mgumu (mpagazi), na jioni linafunguliwa na ubichi wake. Halafu ukuta wa Barranco asubuhi, mawe yana maji au utando wa barafu, na mtu hajawahi kupanda kilima? Marangu ina paa na godoro kila usiku. Kwa mgeni wa Desemba paa lina thamani kuliko mandhari. Ameshachukua siku 6, tatizo la siku 5 amelikwepa.

Mwenye kutaka ukavu kabisa aangalie njia ya Rongai, upande wa kaskazini, mvua ni kidogo kuliko kusini. Ila ni mahema pia, na unashukia Marangu.

#6 Soli_ya_Gari

Nimeona "buti za mitumba nilizonunua juzi" nikashtuka. Sikia, kabla ya kingine chochote.

Buti nyingi za kupandia zina tabaka la povu la polyurethane kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Povu hilo linaoza kwa unyevu wa hewani hata kama buti halijavaliwa, na kwa macho huoni kitu. Buti limekaa stoo Ulaya miaka 8, likaja kwenye belo, likapigwa brashi, linang'aa. Siku ya pili, maji na matope yakishaingia, soli inabaki njiani na wewe unaendelea mbele.

Pima hivi. Bonyeza tabaka hilo kwa kidole gumba kuzunguka buti zima. Likibonyea na kubaki na shimo, likitoa unga, au ukiona nyufa ndogondogo kama udongo uliokauka, hilo si buti tena. Likunje mbele mara 30. Kisha livae, tembea angalau kilomita 20 kwa siku tofauti, siku moja ndani ya mvua. Fundi wa mtaani anaweza kushona soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, na inasaidia kama gundi ndiyo imechoka, lakini povu likiwa limeoza uzi unakata kama kisu kwenye keki.

Saizi: ukiwa na soksi nene, sukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba. Nyuma ya kisigino kipite kidole kimoja. Usivae soksi tatu kutafuta joto. Buti linabana, damu haifiki vidoleni, na vidole ndivyo vya kwanza kuganda. Soksi nyembamba moja, ya sufu nene moja, basi.

Beba kamba za akiba na mita mbili za tepu pana ya kitambaa, izungushie kwenye fimbo yako. Soli ikianza kufunguka, kausha, zungushia tepu kabla haijaachia yote.

#7 Mgeni_wa_Mlima

Nimebonyeza. Kushoto ni gumu. Kulia kidole kimeacha alama na kuna kaunga keupe. Laki na ishirini hiyo jamani.

Na koti la bodaboda na mwavuli vipi?

#8 Soli_ya_Gari

Pole. Afadhali limekufa Kariakoo kuliko Horombo. Kodi Moshi, lakini fika siku mbili kabla ujaribu, na ubonyeze hayohayo ya kukodi.

#9 Memorial_Daily

Koti la bodaboda halipitishi maji, hilo kweli. Shida ni kwamba halipitishi na jasho. Ukipanda nalo kwa saa tatu, ndani utakuwa umelowa sawa na asiye na koti, na ukisimama kupumzika unaanza kutetemeka. Poncho nayo msituni inafaa. Juu ya Horombo upepo unaigeuza bendera, na huoni unapokanyaga.

Tafuta koti lenye mishono iliyozibwa kwa utepe kwa ndani. Soko la Memorial pale Moshi yapo, ukiwa na jicho. Ligeuze ndani nje. Utepe wa mishono usiwe unabanduka, na utando usiwe unapukutika kama mba. Ukiona mba, acha hata kama jina lililoandikwa kifuani ni kubwa. Ukifika nyumbani lijaribu: weka tishu kwenye mifuko na mabegani kwa ndani, livae, simama chini ya bomba la mvua dakika 15 huku umeinua mikono. Tishu itakwambia linapovuja. Kama maji yanatandaa juu ya kitambaa badala ya kutiririka kama matone, lioshe kwa sabuni laini, bila dawa ya kulainisha nguo, kisha pulizia dawa ya kufukuza maji.

Suruali ya mvua ni lazima, na iwe na zipu pembeni ili uivae bila kuvua buti. Ukivaa geta za miguuni (vifuniko vya kuziba juu ya buti), suruali ya mvua ipite juu ya geta. Ukiichomeka ndani, umetengeneza mfereji wa maji mpaka kwenye soksi.

Mwavuli usiucheke. Siku ya kwanza msituni hakuna upepo, hewa ni ya joto, na mwavuli unakufanya utembee na fulana tu bila kutoka jasho. Wa kukunjwa, wa bei rahisi. Ukifika Mandara kazi yake imeisha, uubebe tena siku ya kushuka.

Jambo moja dogo wageni hawalijui: anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza na joto tele, dakika ya 20 unatoka jasho. Fungua zipu kabla ya jasho, funga kabla ya kupumzika.

#10 Njiwa_Mweupe

Dada wa humu naomba niongezee ambayo wanaume hawataandika. Suruali ya mvua yenye zipu mpaka kiunoni inakuokoa sana kwenye kukojoa. Ile ya kuvuta tu, umechuchumaa kwenye mvua na tabaka nne. Ukiamua kunywa maji kidogo ili usisumbuke, kichwa kitakuuma jioni na utadhani ni mwinuko. Pedi beba hata kama tarehe hazijafika, safari kama hii inaweza kuvuruga mzunguko. Na takataka zake zinarudi nawe chini, kwa hiyo beba kifuko chake maalumu kisichopitisha harufu.

#11 Kiroba_na_Kamba

Sasa begi lenyewe. Kava ya mvua inaziba mbele na juu. Mgongoni, penye mikanda, hakuna kitu: maji yanashuka shingoni, yanapita kati ya mgongo na begi, yanaingia kwenye mishono. Baada ya saa mbili za mvua ya msituni kava inakuwa bakuli tu. Ukavu unatengenezwa ndani ya begi.

Nunua drai begi (mifuko isiyoingiza maji) za kukunja mdomo. Ya lita 20 kwa sliping begi na nguo za kulalia, ya lita 20 nyingine kwa nguo za kileleni, ya lita 5 kwa simu, powabenki, dawa na kitambulisho cha NIDA (bila hicho getini utakuwa na maelezo marefu kuhusu kiingilio cha Mtanzania). Kunja mdomo mara tatu au nne, toa hewa kwanza. Mara moja haitoshi, maji yanapita. Usipange kufungia nguo kwenye rambo: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Chupa za maji za kutumia mara moja nazo haziruhusiwi hifadhini, kwa hiyo beba chupa ngumu mbili za lita moja.

Begi kubwa analibeba mgumu. Kikomo cha mzigo wake ni kilo 20 na unapimwa. Lako lisizidi kilo 12, litakapolowa litaongezeka lenyewe. Wewe mgongoni beba kilo 5 hadi 6: koti la mvua, flisi, glavu, maji, chakula, taa ya kichwani. Koti la mvua liwe juu kabisa. Mgumu anatembea mbele yako kwa saa mbili. Kama koti liko kwenye begi lake, umelipeleka Horombo likapumzike.

#12 Dozi_Ndogo

Mimi ni mtu wa afya, nitasema kwa ufupi kuhusu sehemu inayochanganya wengi: mvua na mwinuko vinafanana dalili.

Mwili ukipoa chini ya digrii 35, mtu anaanza kutetemeka sana, anajikwaa, anashindwa kufunga zipu, anaongea kwa kuburuta maneno, anakuwa mkali au anakaa kimya. Ubongo ukivimba kwa sababu ya mwinuko, mtu pia anajikwaa, anachanganyikiwa, anakaa kimya. Ukiwa mita 4,500 kwenye mvua ya barafu huwezi kutofautisha kwa uhakika, na huna haja. Fanya yote mawili: mpashe joto na mshushe.

Kumpasha joto kuna utaratibu. Mkinge upepo. Mkalishe juu ya begi au mkeka, si juu ya jiwe, ardhi inanyonya joto haraka kuliko hewa. Vua kilicholowa, vaa kavu kuanzia kiwiliwili na kichwa. Mfunike kwa sliping begi na blanketi la foili. Kama anaongea vizuri na anameza, mpe chai moto yenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, na konyagi msithubutu, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amezubaa, hajapona, amezidiwa. Mlazeni, mumshike taratibu, msimnyweshe kwa nguvu, machela iitwe.

Mapafu kujaa maji: anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, baadaye mate yenye povu. Huyo anashuka saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Msikae kusubiri helikopta, kwenye wingu hairuki.

Kipimo rahisi kila jioni: tembea hatua 10 kisigino kikigusa kidole, mstari mmoja. Anayeyumba hapandi kesho. Na muulizwe wote mezani, maana kila mmoja peke yake atasema "niko fresh".

#13 Lava_Tower

@Dozi_Ndogo na Diamox, vidonge vya mwinuko? Kuna kundi linaziuza kama pipi.

#14 Dozi_Ndogo

Acetazolamide (ndiyo hiyo Diamox) miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, ndiyo dozi ya kawaida ya kuzuia kwa mtu mzima. Inasaidia mwili kuzoea haraka, haifichi ugonjwa. Vidole vitachoma kama sindano na utakojoa sana. Kwenye mvua watu wanaudhika na hilo wanaacha kunywa maji, kosa. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito, mwenye matatizo ya figo, aone daktari kwanza. Na ijaribu Dar siku mbili kabla ya safari, usiijaribu Mandara. Dawa za usingizi na pombe ziacheni nyumbani.

#15 Gilmans_Saa12

Usiku wa kileleni, kwa kuwa kila kitu kinaelekea huko.

Mnafika Kibo mchana wa tarehe 8. Kama mmelowa, vua yote mara moja, kabla ya kunywa chai, kabla ya kupiga picha. Vaa za kulalia, ingia kwenye sliping begi, kula hata kama hutaki. Mnaamshwa kama saa tano usiku, mnatoka karibu saa sita.

Miguuni: suruali mbili za ndani, ya flisi juu, ya mvua nje kuzuia upepo. Juu: fulana mbili, sweta la mzee (hapa ndipo linapong'ara), flisi, jaketi la dauni (la manyoya laini ya ndege), koti la mvua nje kama kuna theluji. Dauni ikilowa inasinyaa na haina kazi. Glavu nyembamba ndani, na juu yake zile za mfuko zisizotenganisha vidole. Za vidole vitano pekee hazitoshi. Zifunge kwa kamba kwenye mkono. Upepo ukichukua glavu moja pale juu, safari yako imekwisha.

Maji: chupa iwekwe kichwa chini, maana barafu inaanzia juu na mdomo utabaki wazi. Mpira wa kunyonyea maji unaganda, usiutegemee. Kula kidogo kila dakika 45: kashata iliyokatwa vipande nyumbani, tende zisizo na kokwa, glukosi. Kashata nzima kule inakuwa tofali. Simu na betri za akiba za taa zikae kifuani. Betri za lithiamu zinavumilia baridi kuliko alkali.

Changarawe ya kupanda Gilman's ikiganda inashika vizuri, ndiyo moja ya sababu za kwenda usiku. Theluji mpya inafunika zigizaga. Hapo unakanyaga alama za mwongozaji, hufungui njia yako. Asubuhi theluji inaakisi jua hata kukiwa na ukungu, vaa miwani nyeusi, macho yanaungua bila wewe kujua mpaka jioni.

Kubalianeni saa ya kugeuka mkiwa bado Horombo, akili zikiwa timamu. Pendekezo langu kwa kundi la wageni kwenye hali mbaya: asiyefika Gilman's saa 2 asubuhi anageuka hapo alipo. Kutoka Gilman's kwenda Uhuru ni saa moja na nusu hadi mbili nyingine kwenye ukingo wenye upepo, kisha mnatakiwa kushuka mpaka Horombo siku hiyohiyo. Na watu 9 hawatatembea mwendo mmoja: ulizeni kampuni sasa hivi waongozaji wasaidizi ni wangapi. Kila anayegeuka anashuka na mmoja. Wakiwa wawili tu, wa tatu atakayeumwa anawashusha wote.

Radi ikisikika mkiwa Saddle: achaneni mita 15 au zaidi, wekeni fimbo chini mbali nanyi, shukeni sehemu ya chini, msijikusanye kwenye mwamba mmoja mkubwa.

#16 Mgeni_wa_Mlima

Nimechapa yote haya nimewagawia wenzangu. Wiki saba zimebaki. Mazoezi ya Dar yawe nini? Hakuna milima hapa.

#17 Njiwa_Mweupe

Ngazi za jengo la ghorofa, mara tatu kwa wiki, dakika 40, ukiwa na begi la kilo 6. Kushuka ndiyo kuna faida zaidi, mapaja yanauma kwenye kushuka. Jumamosi Pugu, saa nne za kutembea bila kukaa. Mara mbili nendeni Morogoro, kupanda Morningside mpaka juu na kurudi siku hiyohiyo, na mvua ikinyesha msiahirishe: hiyo ndiyo siku mliyoifuata. Mtajua koti la nani linavuja na nani anabeba maji nusu lita. Wiki ya mwisho pumzikeni.

#18 Mgeni_wa_Mlima

Orodha mpya: fulana za polista 3, suruali ya nailoni 1, za ndani 2, flisi ya juu na ya chini, sweta la mzee, koti na suruali ya mvua vya Memorial, dauni ya kukodi, glavu seti 2, mizula 2, soksi za sufu 3 na nyembamba 3, buti za kukodi, raba za kibandani, geta, fimbo 2, drai begi 3, mwavuli. Kilo 11.

Buti zikilowa siku ya kwanza nizikaushe vipi? Niombe jikoni?

#19 Soli_ya_Gari

Usipeleke karibu na jiko, gundi inaachia na ngozi inapasuka. Toa soli za ndani, legeza kamba mpaka chini, jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja, kisha tena kabla ya kulala. Beba gazeti zima, linakaa bapa mgongoni mwa begi. Soli za ndani ziingie nawe kwenye sliping begi pamoja na glavu zenye unyevu. Vitu vidogo tu. Ukiingiza koti bichi unalowesha begi zima. Hayatakauka kabisa, yatapungua maji. Asubuhi vaa soksi kavu, twende.

Siku ya kushuka funga fundo mara mbili pale mguu unapokutana na kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Na kucha zikate siku tatu kabla ya geti, zinyooshe moja kwa moja bila kuzungusha pembe. Anayekata usiku wa kuamkia safari anafika Mandara na kidonda.

#20 Mgeni_wa_Mlima

Tarehe 2, kucha. Nimeandika kwenye kalenda.